Jiwe la Tatu Kaburini kwa Babu

Juzi nilikuwa nangoja lifti ofisini kwetu, Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, na mfanyakazi wa usafi alikuwa amepiga goti mbele ya kile kibao cha shaba kilichobandikwa ukutani, anakisugua kwa kitambaa. Harufu ikanipanda puani: kali, yenye kuwasha kidogo, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na chaki. Lifti ikafunguka, ikafungwa, ikaenda zake bila mimi. Nilibaki nimesimama, mtu mzima na mkoba wangu na miwani yangu, na huku nimesharudi Al Khoudh kwenye mkeka wa Bibi, Alkhamisi baada ya Alasiri, mbele ya Babu na kopo lake la dawa ya kung'arishia shaba.

Labda nanyi mna harufu zenu za namna hiyo. Watu wengi wa kwetu watakutajieni udi au kahawa yenye iliki, na nyumba yetu haikukosa hata kimoja. Lakini mimi utoto wangu unanuka dawa ya shaba, nifanye nini.

Babu mzaa mama alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alizaliwa Omani ya ndani, milimani, akachukuliwa Unguja angali mtoto wa kubebwa. Akakulia huko, akaoa huko, na alipokuja kurudi Maskati alikuwa na mke, watoto, na Kiarabu cha kukwamakwama kilichowachekesha hata wauza samaki. Jeshi ndilo lililompokea. Alitengeneza redio za mawasiliano mpaka nywele zikawa nyeupe, na alipostaafu alichobaki nacho ni beji ya kofia: jambia na panga mbili zilizopishana, na taji juu yake. Kila Alkhamisi aliitoa kwenye kisanduku chake cha bati, akaisugua mpaka ikang'aa, akaitazama kidogo, akairudisha. Hakuwa akiivaa popote. Bibi, ambaye watu walimwita Bi Zuwena, alidai kuwa ile ndiyo mke mwenziwe.

"Mwenzangu kesha koga?" alikuwa akiuliza, anapita na sinia lake.

"Kesha koga," Babu hujibu bila kuinua kichwa, "na leo kakushinda kwa kung'ara."

Nilikuwa darasa la tatu au la nne Babu alipotupeleka, Bibi na mimi, kwenye makaburi ya Wakristo ya ng'ambo ya kijiji cha Sidab. Ni kijighuba kidogo kilichobanwa na majabali, gari halifiki, lazima mtu akodi boti ya faiba azunguke. Bibi alishika ubao wa boti kwa mikono miwili njia nzima na kusoma kila sura aliyoihifadhi. Babu yeye alishika ndoo na brashi. Mle ndimo alimolazwa Tomu, Mwingereza aliyemfundisha kazi ya redio. Tomu ndiye aliyekula naye sahani moja kambini siku zile wenziwe walipokuwa wakimcheka kwa lugha yake. Kwao Tomu hakuwa na jamaa wa kuja kumzuru, kwa hiyo kila mwaka Babu alikwenda kumwoshea jiwe mavi ya ndege. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," alisema, na kwa Babu hayo yalikuwa maelezo ya kutosha.

Makaburi mengi mle yalikuwa ya kale na yamebomoka. Lakini palikuwa na safu moja ya mawe sare, kimo kimoja, yamesimama wima kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi, na kila jiwe lilikuwa na picha iliyochongwa. Mimi picha zile zilinipa raha kubwa. Nilikimbia huku na huku nikizitaja kwa sauti. Hili lina nanga, basi huyu baharia. Hili lina mabawa, huyu wa ndege. La Tomu lilikuwa na kijitu kinachokimbia, kina vibawa miguuni, na Babu alinieleza kuwa huyo ni mjumbe, alama ya watu wa redio, kwa sababu kazi yao ni kufikisha maneno. Chini ya mjumbe palikuwa na msalaba.

Babu alieleza huku anasugua. Serikali yao, alisema, humpa kila askari wake jiwe bure, sawasawa jenerali na mpishi. Juu huchongwa alama ya kikosi, chini alama ya dini.

"Akiwa Mwislamu?" niliuliza.

"Huandikiwa kwa Kiarabu. Myahudi huchorewa nyota yake."

"Na asiye na dini?"

"Huachiwa patupu. Shika ndoo vizuri, unanimwagia."

Bibi alisimama mbele ya jiwe la Tomu, kilemba cha mtandio kimemlegea kwa upepo, akawa anapitisha kidole kwenye herufi ambazo hakuweza kuzisoma.

"Hebu tazama," akasema mwishoni. "Mtu kafa ugenini, hana mama wala dada wa kumtembelea, na ukija bado unamjua jina lake na kazi yake na alipo. Hapotei huyu."

"Sisi kwetu mawe mawili yatosha," Babu akajibu. "Moja kichwani, moja miguuni, mtu akapumzike."

"Yatosha kwa nani?" Bibi akauliza.

Kwa asiyeyajua makaburi yetu ya Omani, ndivyo yalivyo. Mtu huwekewa mawe ya kuokotwa, hayakuchongwa wala hayakuandikwa. Tajiri na mchunga mbuzi hulala chini ya mawe yale yale, na ukiingia utadhani umefika kwenye bonde la mawe tu ambalo mtu amejaribu kulipanga. Kwa Babu hiyo ilikuwa heshima. Kwa Bibi, aliyekulia mjini Unguja, mahali ambapo makaburi ya wakubwa hujengewa na kuandikwa, ilikuwa kama kumtupa mtu baharini.

Mwaka uliofuata Babu akafariki, Ijumaa asubuhi, kikombe cha kahawa kikiwa bado mkononi. Wageni wakasema kazi ya Mungu haina makosa, wakaja na sufuria na mikeka, na wanaume wakambeba kwenda kumzika upande wa Amerat, nyuma ya milima. Wanawake tulibaki nyumbani. Bibi akaingia eda.

Eda, kama mnavyojua, ni miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani. Mimi nilipewa kazi ya kukaa naye nikitoka skuli, nimsomee, nimkune mgongo, nimzuie asilie sana. Nikaona jambo ambalo lilinishangaza. Kila mwanamume wa ukoo aliyekuja kumpa pole, Bibi alimwuliza swali lile lile nyuma ya pazia: amelazwa wapi? Karibu na nini? Mmoja akajibu karibu na ukuta. Wa pili akasema hasha, ukuta uko mbali, ni karibu na mgunga. Mwengine akasema pale penye mteremko, au kidogo juu yake, wallahi bibi, siku ile palikuwa na vumbi. Kila jibu lilimwacha Bibi hali mbaya kuliko alivyokuwa.

"Nna khofu atanipotea," alimwambia mama yangu.

"Mungu anajua alipo, mama."

"Mungu anajua. Na mie je?"

Hapo ndipo anapoingia Mjomba Juma. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake Bibi, fundi mwashi kutoka Unguja. Alikuja matangani, akapata kazi ya kuweka vigae kwenye nyumba mpya za Al Khoudh, akakaa. Alikuwa mtu wa moyo safi na mikono ya dhahabu, na Maskati ilikuwa ngeni kwake kama mwezini. Bibi akamwita, akatoa ile beji kwenye kisanduku cha bati, akamwekea kiganjani.

"Kaniwekee alama, Juma. Jiwe zuri, la heshima, mtu akipita ajue hapa kalala askari."

Mjomba Juma akamtafuta mmoja wa waliozika, akaonyeshwa kaburi barabara, na kazi akaifanya kwa mapenzi. Alichukua kipande cha marmar kilichobaki kwenye sakafu ya tajiri mmoja, akakikata, akakilainisha kingo, akaipachika beji kwa saruji jambia likitazama juu. Kisha akaenda Amerat na akakisimamisha pale alipoona panapendeza, yaani katikati, kati ya jiwe la kichwani na la miguuni. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope, anatabasamu.

"Sasa hapotei, mama mkubwa. Hata kipofu atampapasa ampate."

Usiku ule Bibi alikula vizuri kwa mara ya kwanza. Sijasahau, kwa sababu alimaliza na sahani yangu.

Eda ilipokwisha, Ami Hamed akaja kutuchukua kwa pikapu yake. Ami Hamed alikuwa mdogo wake Babu, yule aliyezaliwa milimani baada ya mwenziwe kupelekwa Unguja. Baada ya maziko alikuwa amerudi kwenye mitende yake na hakupata kufika tena Maskati. Kiswahili chake chote alikiokota jikoni kwa Bibi, kwa hiyo alijua majina ya vyakula vyote na matusi mawili. Aliguna kuwa wanawake hawana kazi makaburini. Bibi akapanda mbele, na mrehani mapajani na chupa ya marashi mkononi, akafunga mlango. Mama, Mjomba Juma na mimi tukajibana nyuma.

Mlangoni palikuwa na mzee mlinzi wa makaburi, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Akauliza tunamtaka nani. Mjomba Juma, kwa Kiarabu chake cha vigae na saruji, akaonyesha kwa vidole: jiwe jeupe, jambia, panga. Mzee uso ukamchanua.

"Ah, mama wa askari!" akasema kwa Kiarabu. "Mungu amrehemu mama yule. Njooni, njooni."

Mama akamfasiria Mjomba, tukatazamana. Tulidhani mzee amechanganya, tukamfuata hivyo hivyo kati ya mawe, jua limeanza kuwaka, changarawe inalia chini ya ndara zetu. Na kweli akatufikisha kwa Babu. Beji ilikuwa inametameta pale pale Mjomba alipoipachika. Lakini juu ya kaburi palikuwa na mrehani mkavu ambao sisi hatukuuweka, na alama za maji ya marashi kwenye marmar, na ubani uliochomwa ukabaki majivu.

Ami Hamed alisimama akiwa ameinua fimbo yake kidogo, kama mtu aliyekuta mbuzi chumbani.

"Mo hadha, ya Juma? Nini hii?"

"Alama, Ami. Ya heshima."

"Heshima! Mawe mawili mwanamume! Matatu mwanamke! Ndugu yangu, rajil, mwanamume, askari, mmemfanya hurma! Mmemfanya mwanamke!"

Ndipo tulipojua. Kwa watu wa Omani mawe mawili ni ya mwanamume, na anayewekewa la tatu katikati ni mwanamke. Mjomba Juma hakulijua hilo, na Bibi naye, kwa miaka yote aliyokaa Maskati, hakuwahi kukanyaga makaburi ya Kiomani. Mzee mlinzi, aliyekuwa hajaelewa ugomvi, akaendelea kutueleza kwa upole habari za kaburi lile. Kila yakija maziko, alisema, watu wakiona jiwe la tatu na ile beji husimama. Wanasema, tazameni, mtoto askari hakuwa na kitu cha kumpa mama yake ila beji yake ya kofia. Wengine hulia. Wanawake waliokuja kumzuru jamaa yao wamemfukizia ubani. Hakuna kaburi katika upande ule, akasema mzee, lililoombewa dua kama la mama yule.

Mama alifasiri yote hayo huku sauti inamkimbia.

"Ami, mie n'tajuaje?" Mjomba Juma akasema, anataka kulia. "Kwetu jiwe ni jiwe."

"Ukenda kwa wenye chongo, Juma," Bibi akaanza, "vunja lako..." na hakumaliza. Kicheko kilimtoka kwanza puani, kisha kikamshika mwili mzima, akainama, akajishika magoti. Sikuwa nimemsikia Bibi akicheka tangu kikombe kile cha kahawa. "Masharubu yale!" alisema. "Masharubu yale yote, kaja kuwa mama wa mtu!" Mama naye akaangua, mimi nikafuata bila kujua mpaka wapi inaruhusiwa kucheka makaburini. Ami Hamed aligeuka akatazama mlima, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kisha akafanya alilokuwa lazima alifanye. Akaweka fimbo chini, akainama, akaling'oa lile jiwe la marmar na kulikumbatia kifuani. Kicheko cha Bibi kikakatika.

"Usiliondoe, Hamed."

"Ya Zuwena, haifai."

"Nakwambia usiliondoe! Ukiliondoa atanipotea." Akakaa chini pale pale kwenye changarawe, na buibui lake jipya, na safari hii alikuwa analia kweli. "Tazama mwenyewe. Yote sawasawa. Nikigeuka nikarudi, n'tamjuaje?"

Nilitazama na mimi, na Bibi alikuwa akisema kweli. Bila lile jiwe jeupe kaburi lilikuwa limeshaanza kufanana na majirani zake, mawe mawili ya kahawia kati ya mawe ya kahawia mpaka macho yanapokoma. Mimi mtoto niliogopa. Nilifikiri tukifumba macho kidogo tu, Babu hatutampata tena.

Ami Hamed akaliweka jiwe pembeni, taratibu, akajifuta mikono. Hakumkemea. Akaenda akasimama penye kichwa cha kaburi.

"Njoo," akamwambia. "Simama hapa. Tazama mbele. Lile jabali lina mwanya, kama jino limetoka. Umeona? Sasa kulia. Mlima wenye mabega mawili. Bega la chini limegusa la nyuma. Umeona? Ukienda huku, mwanya unafunga. Ukienda kule, mabega yanaachana. Hapa tu ndipo yote yako sawa. Hapa tu."

Bibi akajipangusa macho, akasimama, akatazama.

"Baba yetu hivyo hivyo," Ami Hamed akaendelea. "Mimi mdogo kama huyu binti, ami yangu akanionyesha. Mimi nimewaonyesha wanangu. Jiwe haliweki kaburi, ya Zuwena. Watu wanaweka."

Bibi akaenda mpaka mlangoni kwa yule mzee, akageuka, akarudi peke yake. Alitembea na uso umeinuka, anatazama milima badala ya chini, akijikwaa, na sisi tukamngoja mbali kidogo kama Ami Hamed alivyotuagiza ili tusimsaidie. Akasimama. Akasogea hatua, akarudi nusu hatua. Alikuwa kichwani kwa Babu. Kisha akanituma na mimi, na niliporudi aliitazama kwanza miguu yangu ilipo, ndipo akanibusu. Mjomba Juma alilibeba jiwe lake nyumbani, likawa la kuzuilia mlango wa barazani kwa miaka mingi, na beji yake juu yake.

Kabla ya kuondoka Bibi alimwaga marashi, akalaza mrehani, akasoma. Kisha akamwuliza Ami Hamed, kwa sauti ya chini ambayo hakuwa akiitumia na watu, "Na yule ambaye hukuonyeshwa milima yake?"

Ami Hamed alimtazama. Nilijua ameelewa kitu ambacho mimi sikukielewa.

"Huyo," akasema, "msomee popote ulipo."

Njia nzima ya kurudi Bibi alinipakata, ingawa nilikuwa mkubwa wa kupakatwa, na nilidhani bado anamlilia Babu.

Bibi naye sasa yuko Amerat, hapo hapo jirani na mumewe, na mawe yake matatu ya halali. Ni baada ya kumzika ndipo mama yangu aliponieleza habari za baba yake Bibi. Siku zile za machafuko ya Unguja alitolewa nyumbani asubuhi, na kanzu yake ya kulalia, akamwambia binti yake asiipoze kahawa, anarudi sasa hivi. Hakurudi. Bibi, ambaye wakati huo alikuwa mwari hajaolewa, aliuliza kila mwanamume aliyepita mlangoni. Mmoja alisema wamefukiwa upande wa huku, mwengine akasema hasha, upande wa kule, mwengine akasema usiku ule palikuwa na giza. Mpaka anaingia kwenye ndege kuja Maskati alikuwa hajaonyeshwa hata mchanga.

Mama alinieleza hayo kwa maneno machache, akaondoka kwenda kusali. Mimi nilibaki barazani na zile siku za eda. Nilikuwa nimeamini miaka yote kuwa Bibi alitaka fahari, kwamba alimwonea wivu Tomu kwa kijitu chake chenye vibawa. Kumbe kila mjukuu na mpwa aliyemjibu "karibu na ukuta", "karibu na mgunga", alikuwa anamrudisha mlangoni kwao Unguja, msichana mwenye buli la kahawa mkononi. Alikuwa na wafu wawili, na aliomba aachiwe mmoja tu wa kumjua alipo.

Naenda Amerat pindi nikipata nafasi. Nalenga mwanya wa jabali, nalenga mabega ya mlima, nasimama kichwani kwa Babu na kumsomea, kisha nasogea kwa Bibi. Fatiha ya mwisho namsomea yule baba yake. Hiyo naisoma nikitembea, maana sijui nisimame wapi.